Sili na gasketi za mashine kuukuu: uagize kwa namba, ununue kwa vipimo, au utengenezeshe?

Loda ikisimama kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni au Marereni wakati wa kuvuna, mara nyingi kilichoisimamisha si injini. Ni sili, pete ya mpira ya kuzuia mafuta inayoenea kiganjani. Mafuta ya haidroliki yanachuruzika kwenye fimbo ya silinda, mkono hauinuki, na mwenye mashine anaanza kupiga simu Mombasa. Hapo ndipo anapokwama. Wa kwanza anamwambia alete namba ya spea, wa pili anamwambia alete sili yenyewe ipimwe, na wa tatu anamwambia asihangaike, yupo fundi wa kumkerezea.

Wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja anasema kweli ya sili fulani. Nawaandikia walioshikwa katikati: mwenye Massey Ferguson ya zamani huko Mpeketoni, mwenye tingatinga au greda iliyonunuliwa mnadani, mwenye kinu cha injini ya Lister, mwenye jahazi la injini ya dizeli pale Lamu. Njia ni hizo tatu, na nitazipima kwa mizani moja.

Mambo ya kupimia

La kwanza, na zito kuliko yote, ni mahali sili inapokaa. Zipo zisizosogea, kama gasketi ya kifuniko cha valvu, ya sampu (beseni la mafuta chini ya injini) au ya bomba la maji. Hizi zimebanwa kati ya vyuma viwili na kazi yao ni kuziba tu. Zipo zinazosuguliwa na shafti inayozunguka. Hizo ndizo mafundi huziita oil sili. Zipo za silinda za haidroliki, zinazokwenda na kurudi chini ya shinikizo linaloweza kupita baa 200. Halafu iko gasketi ya kichwa cha injini, ambayo peke yake inazuia moto wa mwako, maji na mafuta visikutane. Ukikosea ile ya kifuniko cha valvu utapangusa mafuta. Ukikosea ya kichwa utanunua injini.

La pili ni muda: mashine inaweza kusimama siku ngapi kabla hasara haijapita bei ya spea yenyewe? La tatu ni uhakika wa kipimo na wa aina ya mpira. La nne ni gharama kamili, nayo si bei ya dukani peke yake. Weka ndani nauli ya kifurushi, mafuta yaliyomwagika, na ujira wa fundi akilazimika kufungua mara ya pili. Kubadilisha oil sili ya nyuma ya krenki, yaani shafti kuu ya injini, ni kazi ya kutenganisha trekta vipande viwili. Hakuna anayetaka kuirudia kwa sababu ya kuokoa shilingi mia mbili.

Kabla ya njia yoyote: imekufa kwa nini?

Nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakibadilisha sili ileile mara kwa mara na kumlaumu muuzaji, kumbe sili haikuwa na kosa.

Tazama kwanza kitundu cha pumzi cha giaboksi au cha difu. Kikizibwa na matope, hewa ya ndani ikipata joto hukosa pa kutokea na kusukuma mafuta nje kupitia mdomo wa sili. Sili mpya nayo itavuja vilevile. Kukisafisha hakugharimu kitu.

Pili, pitisha ukucha juu ya shafti pale mdomo wa sili ulipokuwa ukisugua. Ukucha ukinasa, kuna mfereji. Dawa yake ni mojawapo ya mbili: kuikalisha sili mpya ndani au nje kidogo ili isugue mahali palipo salama, au kuvisha shafti ala nyembamba ya chuma. SKF hutengeneza ala za namna hiyo zenye unene wa takriban milimita 0.28, na sili ya ukubwa uleule huingia juu yake. Tatu, tikisa shafti. Ikicheza, beringi imekwisha, na hakuna mpira utakaoziba shafti inayoyumba.

Kwetu pwani kuna la nne: chumvi. Fimbo ya silinda ina ngozi ya kromu, na hewa ya Marereni huila kwa vitobo vidogo vidogo. Kila kitobo ni wembe kwa sili. Fimbo iliyotoboka ipelekwe kupigwa kromu upya au ibadilishwe. La sivyo unanunua sili za kukatwa. Na jioni mashine ikipumzika, iegeshwe fimbo zikiwa zimeingia ndani ya silinda kadiri inavyowezekana.

Unapotafuta mahali panapovuja kwenye haidroliki, tumia kipande cha kadibodi, usitumie mkono. Mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi kupitia tundu usiloliona, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali saa ileile hata kama haliumi.

Njia ya kwanza: kuagiza kwa namba ya spea

Hapa unasoma kibati cha mashine, unachukua modeli na namba ya mfululizo, unatafuta sili kwenye kitabu cha spea, kisha unampa wakala namba yake. Kwa Caterpillar wakala wa Kenya ni Mantrac, kwa Komatsu ni Panafrican Equipment. Mashine kuwa ya zamani si kizuizi kama watu wanavyodhani. Watengenezaji hubadilisha namba za spea kadiri miaka inavyokwenda, na namba ya zamani mara nyingi ina mrithi. Ukiambiwa “namba hii haipo”, usikate simu. Uliza imerithiwa na namba gani.

*Usahihi.* Hakuna njia inayoishinda hii kwa sili ngumu. Mfano mzuri ni sili za chuma kwa chuma zilizomo kwenye faini draivu, yaani gia za mwisho zinazozungusha minyororo ya matingatinga. Ni pete mbili za chuma zilizosuguliwa pamoja hadi nyuso zikalingana, kila moja ikisukumwa na pete nene ya mpira. Huja kwa jozi na hukaa kwa jozi. Usichanganye pete ya zamani na mpya. Wakati wa kufunga, pete za mpira ziwe kavu na safi, na mafuta mepesi yapakwe kwenye nyuso za chuma tu. Hakuna wa kukukerezea kitu hicho uani.

Lakini namba ina udhaifu wake, na ni udhaifu wa mashine kuukuu hasa. Inakupa sili ya mashine ilivyotoka kiwandani, si ilivyo leo kwako. Ndani ya miaka arobaini huenda giaboksi ilishabadilishwa, au silinda ya mkono ilitoka kwenye mashine nyingine. Kwa hiyo hata ukiwa na namba, pima.

Kwa injini za Lister angalizo hili ni zito zaidi. Zile za asili zilitoka Dursley, Uingereza, na nakala zake zimetengenezwa kwa wingi na karakana za Rajkot, India. Nakala hazifanani zote. Gasketi inayokaa sawasawa kwenye moja inaweza kukataa tundu la boliti kwenye nyingine.

*Muda.* Ikiwa iko ghalani Mombasa au Nairobi, ni suala la siku chache. Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, na kifurushi cha matatu hufika siku hiyohiyo. Kwa Lamu ongeza safari ya basi hadi Mokowe na kuvuka kwa boti. Ikibidi iagizwe ng'ambo, hesabu wiki.

*Gharama.* Ndiyo njia ghali zaidi kwa bei ya kipande. Ukiagiza mwenyewe kutoka nje, kumbuka forodha na VAT ya asilimia 16 juu yake. Kwa silinda, uliza seti nzima: sili ya pistoni, ya fimbo, ya kuzuia vumbi, na pete za kuzuia msuguano. Seti kwa kawaida huwa nafuu kuliko kukusanya moja moja.

*Inamfaa nani.* Mwenye mashine ambayo kibati chake kinasomeka, anayefunga gasketi ya kichwa, faini draivu au pampu ya haidroliki, na anayeweza kusubiri.

Njia ya pili: kununua kwa vipimo

Oil sili nyingi si za kampuni fulani. Ni za ukubwa fulani. Ukipangusa mafuta kwenye sili ya zamani mara nyingi utakuta imeandikwa kitu kama 45-62-8: shafti ya milimita 45, tundu la milimita 62, unene wa milimita 8. Herufi TC zikiwapo, ni sili iliyovikwa mpira, yenye springi na mdomo wa ziada wa kuzuia vumbi. Duka lolote la beringi na sili litakuelewa bila kujali trekta lako ni la rangi gani.

*Usahihi.* Unategemea mkono unaopima. Usipime sili iliyochakaa, maana mpira hulika, huvimba na hukauka. Pima shafti pale isiposuguliwa, pima tundu inamokaa sili, tena kwa venia kalipa (koleo la kupimia hadi sehemu za milimita), si kwa futi ya fundi seremala.

Mtego mkubwa ni inchi. Massey Ferguson 135, iliyotengenezwa kuanzia 1964 hadi 1975, ni mashine ya Kiingereza ya zama za inchi. Shafti ya inchi moja na robo tatu ni milimita 44.45. Fundi mwenye haraka ataisoma 45, atanunua sili ya 45, na itavuja siku ya kwanza kwa sababu ya nusu milimita. Ukiona kipimo kina desimali za ajabu, gawanya kwa 25.4 uone kama kinaangukia kwenye inchi na sehemu zake.

Oringi, yaani pete za mpira zilizo mviringo kotekote, zina mtego huohuo. Za kipimo cha inchi zina unene wa milimita 1.78, 2.62, 3.53, 5.33 na 6.99. Zile za mfululizo wa P wa Kijapani, zinazotumika sana kwenye mashine za Japani, ni 1.9, 2.4, 3.5, 5.7 na 8.4. Tofauti ya 3.53 na 3.5 haitakusumbua sana. Tofauti ya 2.62 na 2.4 itakufanya ufungue tena.

Halafu kuna aina ya mpira, na hapa ndipo wengi huumia. Naitrili, uleule mweusi wa kawaida, huvumilia mafuta ya madini na joto la takriban nyuzi 100. Mpira wa Viton hufika karibu 200, kwa hiyo hufaa karibu na injini yenye joto kali. Mpira wa EPDM hufaa kwa maji na kwa mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4, lakini mafuta ya injini huivimbisha ikaharibika. Naitrili nayo huharibiwa na mafuta hayo ya breki. Kwa macho zote ni pete nyeusi. Muuzaji mzuri utamjua kwa swali lake: “Shekhe, inazuia mafuta gani, ya injini au ya breki?” Asiyeuliza, wewe mwambie.

*Muda.* Ndiyo njia ya haraka kwa sili za kawaida. Tuma picha ya sili na ya venia ikionyesha kipimo kwa WhatsApp, lipa kwa simu, kifurushi kipande gari. Nairobi kuna Kirinyaga Road na Industrial Area kwa zile zinazokosekana pwani.

*Gharama.* Ndogo, mara nyingi sehemu tu ya bei ya wakala. Hatari iko kwenye hali ya kitu. Mpira huzeeka hata bila kutumika; kiwango cha kimataifa ISO 2230 kinaipa naitrili miaka 7 ghalani kabla ya kukaguliwa upya, tena ikiwa imehifadhiwa vizuri. Sili iliyoning'inia ukutani ikipigwa na jua la mlangoni haijahifadhiwa vizuri. Ikunje kidogo kwa vidole. Ikionyesha nyufa, irudishe.

*Inamfaa nani.* Mwenye fundi anayejua kupima, mashine isiyo na kibati, na sili ya shafti au oringi ya ukubwa wa kawaida.

Njia ya tatu: kutengenezesha

Njia hii wengine huidharau, na hawaitendei haki. Gasketi ya sampu iliyokatwa vizuri na fundi wa Malindi haina upungufu wowote mbele ya iliyotoka kiwandani. Karatasi ya gasketi huuzwa kwa shiti, za unene mbalimbali, na ziko pia za koki (gamba la mti litengenezalo vizibo vya chupa) iliyochanganywa na mpira kwa vifuniko vya bati vyembamba visivyonyooka sana.

*Usahihi.* Kwa gasketi bapa, unene una maana kuliko umbo. Pima ile ya zamani mahali ambapo haikupasuka. Kwenye pampu nyingi za mafuta, gasketi ndiyo inayoweka nafasi kati ya gia na kifuniko. Ukiweka nene, pampu inapoteza shinikizo. Ukiweka nyembamba, gia zinakwaruza. Kwa sababu hiyohiyo usibadilishe karatasi kwa silikoni ya tyubu bila kufikiri. Na silikoni ikizidi, ile inayobanwa kuelekea ndani hukatika, ikasafiri na mafuta hadi kwenye chujio la sampu na kuliziba. Injini nyingi zimekufa kwa ukarimu huo.

Mafundi wa zamani hukata gasketi kwa kugongagonga karatasi juu ya kingo za chuma kwa nyundo. Kwenye chuma cha kusubu kizito sawa, kwa mkono mwepesi. Kwenye aluminiamu usikubali, kingo zinaharibika. Paka grisi nyembamba kwenye uso wa chuma, bandika karatasi, upate chapa, kisha kata kwa mkasi na utoboe matundu kwa patasi ya duara.

Oringi kubwa isiyopatikana inaweza kuundwa kwa uzi wa mpira wa mviringo unaokatwa mshazari na kuungwa kwa supa gluu. Kwenye kifuniko kisichosogea inafanya kazi. Kwenye silinda, hapana. Kwa silinda kuna karakana za miji mikubwa zinazokereza sili za poliurethani (plastiki ngumu inayonyumbuka) kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, kwa kipimo chochote utakachotoa. Hii ndiyo neema ya mashine ambayo mtengenezaji wake alishafunga milango.

Usitengenezeshe gasketi ya kichwa cha dizeli. Unene wake unahusiana na jinsi pistoni inavyochomoza juu ya bloku, na ukikosea, pistoni inagonga valvu au mgandamizo unapungua.

*Muda.* Gasketi bapa ni saa chache. Sili ya kukerezwa ni siku, pamoja na safari ya kupeleka pistoni na fimbo zipimwe.

*Gharama.* Gasketi ni rahisi mno. Sili iliyokerezwa inaweza kuzidi ile ya dukani, lakini ni rahisi kuliko silinda mpya.

*Inamfaa nani.* Mwenye mashine ya mtengenezaji aliyetoweka, mwenye dharura kisiwani, na kila mwenye gasketi bapa za kawaida.

Neno la afya kwa njia zote. Gasketi nyingi za zamani, na hata sili za kamba za nyuma ya krenki kwenye injini kama Perkins 3.152, huenda zina asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Zilowanishe kwa maji kabla ya kuzikwangua, usitumie grainda wala brashi ya waya kavu, na mabaki yafungwe kwenye mfuko. Ukifungua mashine iliyoungua moto, sili za Viton usiziguse kwa mkono mtupu. Zikiungua hutoa asidi kali sana.

Kuna watakaouliza kuhusu kuvua sili kwenye mashine iliyokufa. Vua pampu, vua fimbo, vua vifuniko. Mpira ulioshazoea shafti nyingine uache hukohuko.

Kwa hali yako

Ikiwa ni loda ya chumvini na msimu umeanza: nunua kwa vipimo leo ili kazi iendelee, na wakati huohuo agiza seti ya wakala ifungwe msimu ukipoa. Kwa silinda iliyo na fimbo yenye vitobo, usitumie hata senti kwenye sili kabla ya fimbo.

Ikiwa ni trekta la Mpeketoni au la mji wa Hindi, Lamu, linalovuja nyuma ya krenki: kwa kuwa kazi ya kufungua ni kubwa, fanya uchunguzi wa beringi na klachi palepale, na ununue sili bora kuliko zote unazoweza kumudu. Hapa bei ya kipande ni ndogo mbele ya ujira.

Ikiwa ni tingatinga linalopoteza mafuta ya faini draivu: kwa namba tu, jozi kamili, na lisimame mpaka zifike. Kuliendesha likiwa kavu ni kubadilisha tatizo la sili kuwa tatizo la gia.

Ikiwa mashine haina kibati wala kitabu: anza daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila sili inayofunguliwa iandikwe vipimo vitatu, aina ya mpira, mahali ilipotoka na tarehe. Baada ya mwaka utakuwa na kitabu cha spea ambacho kiwanda hakikukupa.

Ikiwa uko Lamu kisiwani, Pate au Faza, ambako kila kifurushi kinangoja boti: nunua mbili kila unaponunua moja, kwa zile zilizowahi kukusimamisha. Weka pia shiti moja ya karatasi ya gasketi na boksi la oringi mchanganyiko za inchi na za milimita. Zifunge kwenye mfuko usiopitisha mwanga, ndani ya sanduku, mbali na jenereta na mota za umeme, kwa sababu ozoni inayotokana na cheche zake hupasua naitrili. Zilale bapa, zisitundikwe msumarini, na zile za zamani zitumike kwanza.